TUNAPIMA MKONO WA MTOTO, MBONA HATUULIZI ANAWEZA NINI?

Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea hapa kambini Dzaleka. Nilimaliza kidato cha nne hapahapa, na kazi yangu wengi wenu mnaijua: napita nyumba kwa nyumba na utepe wa kupimia mkono wa mtoto, naangalia vitabu vya chanjo, nawakumbusha akina mama siku ya sikelo. Mimi si daktari. Haya ninayoandika ni maoni yangu, na nayaandika kwa sababu kuna jambo linanisumbua moyoni, na sehemu ya kosa ni yangu mwenyewe.

Nianze na kosa hilo.

Kuna nyumba moja niliyokuwa nikipita kila mwezi kwa zaidi ya mwaka mzima. Mtoto wa nyumba ile alikuwa na mwili mzuri, anacheka, anakimbia. Kila mara nilimzungushia utepe mkononi, utepe ukaonyesha kijani, nikaandika "mzima" katika daftari langu, nikaaga. Siku moja, mtoto akiwa anakaribia miaka mitatu, sufuria ilianguka nyuma yake kwa kishindo. Mimi nikashtuka. Kuku wakatawanyika. Mtoto hakugeuka. Nikasimama nyuma yake nikamwita jina lake mara tatu. Hakugeuka.

Nikamuuliza mama yake, "Mama, mtoto anasema maneno gani sasa?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hasemi bado. Wanasema baba yake naye alichelewa." Tulimpeleka, akapimwa, ikaonekana hasikii. Siku tuliyorudi, mama yule aliniambia maneno ambayo sijayasahau. Hakuyasema kwa hasira. Alisema, "Mwanangu, wewe ulikuja kwangu kila mwezi. Mbona hukuniuliza hata siku moja?"

Sikuwa na jibu. Utepe wangu hauna sehemu ya masikio.

KIJANI SI CHETI CHA UZIMA

Utepe ni kitu kizuri, na sitaki mtu yeyote aukatae. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mkono ukiwa na milimita 125 au zaidi utepe huonyesha kijani, kati ya 115 na 125 ni njano, chini ya 115 ni nyekundu na mtoto yuko hatarini. Utepe huo umeokoa watoto wengi katika kambi hii. Lakini unajibu swali moja tu: je, mtoto huyu ana utapiamlo? Mizani ya sikelo nayo hujibu swali linalofanana na hilo.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachojibu swali la pili: je, mtoto huyu anajifunza kutumia mwili wake, mikono yake, ulimi wake na akili yake kama umri wake unavyotaka? Hayo ndiyo maendeleo ya mtoto. Kukua ni kuongezeka kilo na urefu. Kuendelea ni kuweza leo jambo ambalo mwezi uliopita hakuliweza. Mtoto anaweza kukua bila kuendelea sawasawa, na sisi tukawa tunampongeza mama yake.

Maoni yangu ni haya: kila siku ya sikelo, na kila mara mhudumu anapopita nyumbani, swali la pili liulizwe. Na wewe mzazi, ukiona halikuulizwa, uliulize wewe.

"HAYO NI MAMBO YA WAZUNGU"

Nimeambiwa hivyo zaidi ya mara moja. Mzee mmoja aliniambia, "Sisi tumelea watoto Fizi bila kuwapimapima, na wakatembea." Hoja yake ina ukweli ndani yake, na wataalamu wenyewe waliuona. Kuna kipimo kiitwacho Denver, kilichotungwa Marekani, ambacho kati ya maswali yake kinauliza kama mtoto anacheza karata au michezo ya ubao, na kama anaweza kujiandalia nafaka ya asubuhi kwenye bakuli. Mtoto wa Dzaleka ataanguka mtihani huo bila kuwa na kasoro yoyote. Hajaviona tu vitu hivyo.

Ndiyo sababu Daktari Melissa Gladstone na wenzake walifanya kazi katika vijiji vya nchi hii hii tuliyokimbilia, wakatengeneza kipimo kinachofaa watoto wa huku. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2010. Kipimo hicho hujulikana kwa herufi MDAT, yaani Kipimo cha Malawi cha Maendeleo ya Mtoto. Kina vipengele 136 katika mafungu manne, kila fungu vipengele 34. Fungu la kwanza ni mwendo wa mwili mzima, kama kukaa, kusimama na kuruka. La pili ni kazi ya mikono na vidole. La tatu ni lugha. La nne ni namna mtoto anavyoishi na watu na kujihudumia. Kilijaribiwa kwa watoto wa vijijini zaidi ya 1,400, na tangu hapo kimetumika hata katika nchi nyingine za Afrika.

Kwa hiyo mtu asituambie kwamba hakuna kipimo cha watoto wetu. Kipo, na kimezaliwa Malawi. Kukitumia chote kunahitaji mtu aliyefundishwa, lakini mafungu yake manne kila mzazi anaweza kuyashika kichwani: mwili, mikono, maneno, watu.

"KILA MTOTO ANA WAKATI WAKE"

Hii ndiyo hoja ninayoisikia kuliko zote, na ni ya kweli nusu. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 816 wenye afya kutoka Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani. Ilionekana kwamba watoto hutofautiana sana. Kukaa bila kushikiliwa, wengine huanza karibu na miezi 4, wengine hufika miezi 9. Kutembea peke yao, wengine huanza karibu na miezi 8, wengine hufika miezi 17 na nusu, na wote ni wazima. Tena, karibu watoto 4 katika kila 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti, na bado walitembea. Basi mama ambaye mtoto wa jirani ametembea na miezi 10 na wake bado, asilale na wasiwasi.

Lakini msomaji, tazama tena hesabu hizo. Wakati wa mtoto una mwanzo, na una mwisho pia. Mtoto wa miezi 18 ambaye hatembei hayuko tena katika "wakati wake". Huyo anahitaji kuonwa. Maneno haya ya "kila mtoto ana wakati wake" yakisemwa kwa mtoto wa miezi 11 ni faraja. Yakisemwa kwa mtoto wa miaka miwili ni kumfungia mlango.

MAMBO YA KUTAZAMA NYUMBANI

Huhitaji kifaa cha kununua. Chukua kikombe, kizibo cha soda, mpira wa matambara na punje ya hindi. Mtoto awe ameshiba, hana usingizi wala homa. Kaa naye karibu muda wote asije akatia punje mdomoni au puani.

Akiwa na miezi 2: anautazama uso wako na kukurudishia tabasamu. Anashtuka kwa sauti kubwa.

Akiwa na miezi 4: anashika kichwa chake imara ukimkalisha. Viganja vyake havikai vimefumbwa muda wote. Anatoa sauti ukizungumza naye.

Akiwa na miezi 9: anakaa mwenyewe. Anahamisha kitu kutoka mkono mmoja kwenda wa pili. Anasema "bababa" au "mamama" bila maana. Anageuka kutafuta sauti.

Akiwa na mwaka 1: anasimama kwa kushikilia. Anajua jina lake. Anaokota punje kwa kidole gumba na cha shahada. Anaonyesha ishara, kama kupunga mkono wa kwaheri au kunyoosha mikono abebwe.

Akiwa na mwaka 1 na nusu: anatembea. Ana maneno kadhaa. Ananyoosha kidole kukuonyesha kitu, "mama, tazama kuku yule".

Akiwa na miaka 2: anaunganisha maneno mawili, kama "mama njoo". Anaelewa ukimtuma bila kumwonyesha kwa mkono, "niletee kikombe".

Akiwa na miaka 3: anasema sentensi fupi ambazo hata mgeni anaelewa nyingi kati yake. Anakula mwenyewe. Anacheza na wenzake.

Akikosa jambo moja siku moja, mjaribu tena baada ya siku chache. Akikosa mambo kadhaa, au akiachwa nyuma katika fungu zima, mlete.

Kuna dalili nyingine ambazo hazingoji umri wala siku ya sikelo. Mtoto aliyekuwa akiweza jambo kisha akaliacha, mfano alikuwa na maneno na sasa hana. Mtoto mchanga anayetumia mkono mmoja tu na wa pili ameuacha. Mtoto mgumu kama ubao, au mlegevu kama kitambaa. Mtoto anayedegedege. Mtoto ambaye sikio lake linatoa usaha. Hao waletwe mara moja.

HESABU MBILI AMBAZO TUNAZIKOSEA

Ya kwanza ni hesabu ya mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Mtoto aliyezaliwa miezi 2 mapema, leo ana miezi 9 toka kuzaliwa. Mtazame kama mtoto wa miezi 7. Endelea kumhesabia hivyo mpaka atimize miaka 2. Mama asipoelezwa hesabu hii atalia bure, na mhudumu asipoijua atamwandika mtoto "amechelewa" kumbe hajachelewa.

Ya pili ni hesabu ya maneno. Kambini kwetu mtoto anasikia Kibembe au Kifulero nyumbani, Kirundi au Kinyarwanda kwa jirani, Kiswahili sokoni, na Chichewa kwa wenyeji. Wazazi wengi wananiuliza kama ndizo lugha hizi zinazomchelewesha mtoto kusema. Hapana. Lugha nyingi si ugonjwa. Hesabu maneno yake yote kwa pamoja. Mtoto anayesema "mama", "amazi", "mpira" na "nsima" ana maneno manne, wala haidhuru kwamba yametoka katika lugha tofauti. Lakini asiyesema hata lugha moja, usimtafutie kisingizio katika lugha.

Na hapa nageukia sisi wahudumu. Tukimwuliza mama wa Kirundi kwa Kiswahili cha haraka, huku foleni inasukumana nyuma yake, atajibu "ndiyo" kwa kila swali ili aondoke. Tafuta mtu wa lugha yake. Usiulize "mtoto anaendelea vizuri?" Uliza, "Jana mtoto alifanya nini kipya?" Hapo utapata habari.

"HATA MKIJUA, MTAFANYA NINI?"

Baba mmoja aliniuliza hivyo, na ni swali la haki. Wakimbizi tumechoka kuhesabiwa na kuandikwa bila kupata kitu.

Jibu langu ni kwamba mambo mengi yanayomrudisha mtoto nyuma yana la kufanywa, hasa yakijulikana mapema. Utapiamlo mkali unatibika, na mtoto akipewa chakula cha tiba pamoja na michezo na mazungumzo anainuka vizuri zaidi kuliko kwa chakula peke yake. Sikio linalotoa usaha linatibika. Kifafa kina dawa za kila siku. Mtoto aliyepata shida wakati wa kuzaliwa, au manjano makali, au malaria iliyopanda kichwani, au uti wa mgongo, anaweza kubaki na udhaifu. Huyo mama yake akifundishwa kumkalisha, kumlisha na kumnyoosha viungo mapema, misuli haikazi kama ingekaza akiachwa amelala. Na mtoto asiyesikia akianza lugha ya ishara mapema, anapata lugha. Mtoto wa ile nyumba niliyoisimulia alikosa karibu miaka mitatu ya lugha. Ukinyoosha miguu yake utaona yuko sawa. Miaka hiyo ndiyo siwezi kumrudishia.

Wapo watakaobaki na ulemavu maisha yao yote. Siwadanganyi. Lakini mtoto mwenye ulemavu anayejulikana hulishwa vizuri, huchezeshwa na hutafutiwa shule. Anayefichwa hulala ndani, na nimeona migongo yenye vidonda.

Kuna mambo mengine tunayoyafanya kwa nia njema nayo hayasaidii. Kumzika mtoto hadi kiunoni ili asimame hakumpi nguvu. Kumchapa miguu kwa ufagio hakumpi nguvu. Kung'oa yanayoitwa "meno ya plastiki" kwenye ufizi wa mtoto mchanga kunamtoa damu, kunamwingizia vijidudu, na kunaweza kumharibia meno yake ya kweli. Kabla ya kumpeleka mtoto kwa mtu wa kung'oa, njoo kwanza kwetu tujue kwa nini anaharisha au ana homa.

AIBU NA FAILI

Sasa niseme yale yanayosemwa kwa sauti ya chini.

La kwanza ni aibu. Mtoto akichelewa, majirani wanatafuta mkosaji. Mama alikanyaga dawa. Bibi yake ni mchawi. Ni laana ya mtu waliyemwacha nyumbani. Mara nyingi anayelaumiwa ni mama, na mara nyingine baba anahama. Ndugu zangu, tumetoka katika vita. Akina mama wamezalia njiani, wamezaa bila mkunga, wamelala njaa wakiwa na mimba. Tukitafuta sababu tusiende mbali kwa wachawi. Na sababu hizo si dhambi ya mama.

La pili ni faili. Wengine wanaficha mtoto kwa sababu wamesikia kwamba akiandikwa ana tatizo, nchi ya tatu itaikataa familia nzima. Wengine wamesikia kinyume chake, kwamba ulemavu unaharakisha safari, wanataka mtoto aandikwe hata kama ni mzima. Habari zote mbili ni za barazani. Mimi ninapouliza kama mtoto wako anakaa, nauliza ili apate tiba. Daftari langu halipandishi mtu ndege wala halimshushi.

Na fikiri hili. Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, safari nyingi zilizokuwa zikingojewa zilisimama. Familia zilizokuwa zinasema "tutampima huko huko tukifika" bado ziko hapa. Sisi watu wazima tunaweza kungoja. Wengine tumengoja tangu tulipokuwa watoto. Lakini mtoto wa miezi 10 hawezi kungoja. Miaka yake mitatu ya kwanza haisimamishwi na uamuzi wa serikali yoyote, inapita tu, iwe Dzaleka au kwingineko. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mwenye kuficha kuchelewa kwa mtoto huumbuliwa na mtoto mwenyewe, siku wenzake watakapoanza shule.

TUNAWEZA KUANZIA WAPI

Siombi jengo. Najua posho ya chakula imepunguzwa, najua foleni ya zahanati ni ndefu. Naomba mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi.

Kwa wahudumu wenzangu: baada ya utepe, dakika tano. Mwili, mikono, maneno, watu. Andika tarehe na kile mtoto anachoweza, usiandike "mzima" peke yake. Na usimtamkie mama neno la kumvunja, kama "taahira" au "zezeta". Mwambie kile mtoto anachoweza kwanza, kisha kile ambacho bado.

Kwa wakubwa wa huduma za afya: tufundisheni zaidi, na tuelezeni wazi mtoto akionekana ana tatizo apelekwe kwa nani, siku gani. Mhudumu anayeona tatizo asijue pa kulipeleka atajifunza kutoliona.

Kwako mzazi, mama na baba: zungumza na mtoto wako unapopika, unapomwogesha, unapoteka maji. Mjibu anapotoa sauti hata kama hazina maana. Mtengenezee mpira wa matambara, mpe vikombe avitie kimoja ndani ya kingine. Baba, mchezo wa dakika kumi jioni si kazi ya mama peke yake. Na kama wewe mama una huzuni isiyoisha, hulali, huna hamu ya kumshika mtoto, tuambie. Hilo nalo ni la afya, na linamgusa mtoto.

Siku hizi, nikifika katika nyumba, utepe nautoa mwisho. Kwanza nakaa mkekani nikacheza na mtoto. Akina mama wengine wananicheka, wanasema dada wa afya amekuja kucheza. Nawaacha wacheke. Yule mama wa sufuria ni mmoja wa wanaonisaidia sasa; anapita kwa majirani zake wenye watoto wachanga, anapiga makofi nyuma ya mtoto, anatazama kama atageuka.

Leo jioni, mtoto wako akiwa ameshiba, simama nyuma yake umwite kwa sauti ya kawaida. Akigeuka, mshukuru Mungu, mchezeshe. Asipogeuka, jaribu kesho. Asipogeuka tena, usingoje siku ya sikelo. Njoo utuone.